Diploma ya IB: tusinunue jina, na Kiswahili tusikiache mlangoni

Huku Al Rayyan joto ndilo linalotupima. Zamu za usiku zilinibana, lakini leo nina siku mbili za mapumziko mkononi, chai ya tangawizi iko mezani, na kuna mada ambayo imekuwa ikinifuata kila kona: hii diploma ya watoto wa sekondari inayoitwa IB.

Inanifuata kweli. Dada mmoja Mkenya tunayefanya naye kazi wodi moja aliniuliza, "Hiyo IB ni nini hasa? Ni Form Six ya Wazungu?" Kaka mmoja kutoka Kigoma, dereva wa familia moja hapa mjini, akaniambia, "Sista, mtoto wa bosi wangu anasoma IB na wangu lazima asome, hata nikauze kiwanja." Na nyumbani kwangu lipo: binti yetu ana miaka 14, anasoma shule ya mtaala wa Kiingereza, na baada ya miaka miwili hivi lazima tuchague njia. Kwa hiyo siandiki kama mtazamaji, na mimi nimo ndani ya ngoma.

Msimamo wangu nauweka mapema, ili asiyetaka kusoma mpaka chini aondoke nao. IB ni elimu nzuri, tena nzuri sana kwa mtoto anayeifaa. Lakini wengi wetu tunainunua kama tunavyonunua simu, kwa jina. Na wale ambao watoto wao wako ndani tayari, wengi wanaacha mezani kitu kimoja cha bure kinachotuhusu sisi Waswahili kuliko mtu yeyote. Hicho nitakifikia. Kwanza tuijue yenyewe.

IB ni kifupi cha International Baccalaureate. Ilianzishwa mwaka 1968 Geneva, Uswisi. Sababu yake ilikuwa rahisi: kulikuwa na watoto wa wanadiplomasia na watumishi wa mashirika ya kimataifa, leo wako Geneva, kesho Nairobi, keshokutwa New York, na kila nchi ina mtihani wake. Walimu wakataka mtihani mmoja ambao mtoto anaweza kwenda nao vyuo vikuu vya nchi nyingi. Leo programu za IB ziko katika maelfu ya shule, katika nchi zaidi ya 150. Zipo za watoto wadogo pia, lakini hapa nazungumzia diploma ya miaka miwili ya mwisho, ya vijana wa miaka 16 hadi 19. Ukitaka kuilinganisha, inakaa pale pale inapokaa Form Five na Form Six ya Tanzania.

Wengi hudhani IB ni mgeni kwetu. Mimi nilisomea shahada yangu ya uuguzi KCMC, Moshi, na wanaoufahamu mji ule wanajua kuna shule ya kimataifa barabara ya Lema, si mbali na hospitali. Ile ilikuwa International School Moshi, iliyofunguliwa 1969 kwa ajili ya watoto wa madaktari na wafanyakazi wa kigeni waliokuja kwa ajili ya KCMC, hospitali iliyofunguliwa rasmi 1971. Ni moja ya shule za mwanzo Afrika kufundisha diploma hii. Mwaka 2019 ikaingia katika familia ya shule za United World Colleges na leo inaitwa UWC East Africa, ina kampasi Moshi na Arusha. Dar es Salaam kuna International School of Tanganyika, iliyoanza 1963. Mombasa kuna Aga Khan Academy, iliyofunguliwa 2003. Kwa hiyo tukisema "elimu ya Wazungu" tukumbuke kwamba shule moja kongwe ya IB barani ilizaliwa chini ya Kilimanjaro, na ilizaliwa kwa sababu ya watu wa hospitali wanaohamahama. Watu kama sisi.

Hapa Al Rayyan napo ndiyo kwenyewe. Qatar Foundation ilianzishwa 1995, mwaka uliofuata Qatar Academy ikafungua milango, na eneo lote la Education City likakua kuizunguka. Ukipanda metro ya mstari wa kijani kwenda Education City utawaona vijana wenyewe na mabegi yao. Hatua chache kutoka shule kuna Carnegie Mellon, Georgetown na Weill Cornell, ile yenye njia ya miaka sita ya kutoka sekondari hadi udaktari. Ndiyo maana mzazi akipita pale moyo unamruka.

Sasa inafanyaje kazi?

Kwetu Tanzania mtoto wa Form Five anachagua tahasusi: PCB, PCM, HGL, EGM na nyingine. Masomo matatu ndiyo anayoyazamia. IB hairuhusu hivyo. Inataka masomo sita, kutoka makundi sita: lugha ya kwanza na fasihi yake; lugha ya pili; masomo ya jamii kama historia, jiografia au uchumi; sayansi; hisabati; na sanaa. Kundi la sanaa mtoto anaweza kuliacha na badala yake akaongeza somo jingine, kwa mfano sayansi ya pili. Kati ya hayo sita, matatu husomwa ngazi ya juu, kila moja saa 240 za kufundishwa, na matatu ngazi ya kawaida, saa 150 kila moja. Wapo wanaobeba manne ngazi ya juu, lakini huo ni mzigo wa kichwani na mgongoni.

Maana yake ni nini? Maana yake anayetaka udaktari hawezi kukimbia historia au uchumi, na anayetaka sheria hawezi kuikimbia hisabati wala sayansi. Mimi hili nalipenda. Katika miaka yangu ya kazi nimewaona watu waliofaulu biolojia vizuri mno lakini kumwandikia mwenzako ripoti ya zamu inayoeleweka ni mtihani. Mwili wa mgonjwa hauji umegawanywa kwa tahasusi.

Lakini hapo hapo kuna mtego. Mtoto wa PCB kwetu anasoma fizikia, kemia na biolojia pamoja. Katika IB, kwa kawaida sayansi mbili ndizo mwisho. Mzazi aliyezoea PCB anashtuka, "Fizikia iko wapi?" Haipo, kwa sababu nafasi zimejaa. Kwa udaktari, vyuo vingi vinataka kemia na mara nyingi biolojia ngazi ya juu, kwa hiyo haiharibiki. Kwa uhandisi ni fizikia na hisabati. Na hisabati yenyewe tangu 2019 ina njia mbili: moja ni ya uchambuzi, imejaa aljebra na kalkulasi, nyingine ni ya matumizi, imejaa takwimu na mifano ya maisha. Zote ni hisabati, zote zinaandikwa hisabati kwenye cheti, lakini kozi nyingi za uhandisi zinataka ile ya kwanza, tena ngazi ya juu. Mtoto akichagua ile ya pili akiwa na miaka 16 kwa sababu rafiki yake kaichagua, mlango unajifunga kimya kimya, na mzazi anakuja kujua miaka miwili baadaye akijaza fomu za chuo. Ushauri wangu: kabla ya kuchagua masomo, fungua masharti ya vyuo vitatu ambavyo mtoto anavitamani, usome mstari kwa mstari. Anza na mwisho, ndipo urudi mwanzo.

Alama nazo ni kinyume cha zetu. Kwetu pointi zikiwa chache ndiyo sifa, mtu akipata Divisheni wani ya pointi tatu Form Six mtaa mzima unajua. Huku kila somo linapewa alama kuanzia 1 hadi 7, na 7 ndiyo juu. Masomo sita mara saba ni 42. Zipo pointi 3 za ziada ambazo nitazieleza sasa hivi, jumla 45. Ili kupata diploma lazima mtoto afikishe angalau 24, na hata akifikisha kuna masharti mengine: asipate 1 katika somo lolote, na masomo yake matatu ya ngazi ya juu yafikishe angalau 12. Wastani wa dunia huzunguka pointi 30. Kwa hiyo jirani akikwambia mtoto wake kapata 32, usimwonee huruma, mpongeze.

Mtihani mkuu uko Mei, na kwa baadhi ya shule Novemba. Unasahihishwa na watahini wa IB walio nje ya shule. Lakini sehemu ya alama za karibu kila somo hutoka kwenye kazi anayoifanya mtoto mwenyewe shuleni: utafiti wa maabara, uchunguzi wa hisabati, mazungumzo ya lugha. Mwalimu husahihisha, kisha IB huchukua sampuli na kuhakiki kama mwalimu hakuwa na mkono mwepesi. Kazi hizo si mchezo. Mwaka 2020, Covid ilipofuta mitihani ya Mei, matokeo yalipangwa kwa kutumia kazi hizo, makadirio ya walimu na historia ya shule. Malalamiko yakawa makubwa dunia nzima, mpaka IB ikarekebisha mwezi Agosti. Mtoto aliyekuwa amelaza kazi zake akisubiri "nitasoma mwezi wa nne" hakuwa na pa kushika.

Sasa zile pointi 3 na kile wanachokiita kiini cha diploma. Ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni Nadharia ya Maarifa. Hapa mtoto anaulizwa: unajuaje kwamba unajua? Kwa nini tunaiamini picha ya eksirei na hatumwamini jirani? Anaandika insha ya maneno 1,600 na kuandaa maonyesho madogo ya vitu vinavyoonyesha maswali hayo maishani. Wazazi wengi wanaliona somo hili ni porojo. Mimi naona ndilo ningependa kila mtu wa afya alisome. Ukimwuliza mgonjwa kwa nini aliacha dawa ya presha akajibu "nimeona kwenye simu", hapo unakutana na nadharia ya maarifa uso kwa uso.

Cha pili ni Insha Ndefu, utafiti wa maneno yasiyozidi 4,000 juu ya mada anayoichagua mtoto mwenyewe, akisaidiwa na msimamizi. Wengi wetu tuliandika kitu kama hicho mwaka wa mwisho wa shahada, tena tukilia. Huku mtoto wa miaka 17 anafundishwa kutafuta vyanzo, kunukuu kwa haki na kutetea hoja. Insha na Nadharia ya Maarifa ndizo zinazoleta zile pointi 3, na ukipata E katika mojawapo diploma hupati, hata kama masomo sita yameng'aa.

Cha tatu wanakiita CAS, yaani ubunifu, michezo na mazoezi ya mwili, na huduma kwa jamii, kwa muda wa miezi 18. Hakina alama, lakini asiyekikamilisha hana diploma. Hapa nina neno kama nesi. Nimewahi kuona vijana wakiingia wodini na kadi za rangi, wakapiga picha tatu na mzee asiyejua hata ni akina nani, wakaondoka. Sikuuliza ni wa shule gani na sitaki kujua. Huduma ya namna ile inamhudumia mpiga picha. Mtoto wa kijijini kwetu anayemchotea maji bibi wa jirani, akamsomea barua, akamshika mkono kwenda zahanati, ana CAS ya miaka kumi na hakuna aliyempa fomu. Nasema hivi kwa sababu watoto wetu wa Doha, wenye dereva na dada wa kazi, wanaweza kumaliza diploma ya huduma bila kujua kuosha kikombe. Shule itatia saini. Mzazi asitie saini kirahisi.

Haya, tuje kwenye fedha na hatari, maana hapo ndipo waungwana wanapoona aibu kuongea.

Shule za IB hapa ni ghali. Wenye posho ya elimu kutoka kwa mwajiri wanavuka, ingawa posho nyingi zina kikomo na ziada ni yako. Manesi wengi, madereva, walinzi na dada wa hoteli hawana posho hiyo kabisa. Ada ya mwaka inaweza kumeza mishahara ya miezi mingi. Na ada siyo yote: uliza ada ya mtihani, vitabu, kikokotoo, safari, basi la shule. Nawaomba wenye kuuza viwanja wasimame kidogo. Kiwanja kikilipa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili unalipwa na nini? Diploma ya miaka miwili iliyolipiwa mwaka mmoja si diploma.

Hatari ya pili ni kazi yenyewe. Kibali chetu cha ukaazi kinategemea ajira. Mkataba ukikatika Desemba ya mwaka wa pili, mtoto yuko katikati ya mto. Kuhamia shule nyingine ya IB kunawezekana, lakini lazima ile shule mpya iwe na masomo yale yale, ngazi zile zile, na nafasi. Kurudi Tanzania na kuingia Form Six katikati ni ngumu kupita maelezo, kwa sababu mtaala ni mwingine kabisa. Hata taasisi kubwa hubadilisha mipango: Texas A&M, iliyokuwa Education City tangu 2003, bodi yake ilipiga kura Februari 2024 kufunga kampasi ya hapa ifikapo 2028. Kama wao wanafungasha, sisi wenye mkataba wa kuhuishwa tujione tuko salama kwa lipi? Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mzazi halihusu akili ya mtoto. Ni hili: una uhakika gani wa miezi 24 ijayo, na una akiba ya miezi mingapi?

Hatari ya tatu ni kurudi nyumbani. Mtoto mwenye cheti cha nje akitaka kuomba chuo Tanzania anahitaji ulinganifu wa cheti kutoka Baraza la Mitihani, NECTA. Unapatikana, watu wanaupata, lakini unataka nyaraka na muda. Usisubiri wiki ya mwisho ya maombi. Na kama nia yenu ya kweli ni mtoto asome Muhimbili au Makerere, basi kaa ujiulize kama PCB ya nyumbani, kwa sehemu ndogo sana ya gharama, haiwezi kukufikisha pale pale. Mara nyingi inaweza. Nesi hampi mgonjwa dawa kwa sababu ilimponya jirani yake. Anaangalia cheti cha huyu, uzito wa huyu, figo za huyu.

Nani basi inamfaa? Kwa maoni yangu, mtoto anayependa kusoma vitu vingi, anayeweza kupanga muda wake bila kusukumwa, na ambaye familia haijui kama chuo kitakuwa Qatar, Kanada, Uholanzi au nyumbani. Kwa huyo cheti hiki ni pasipoti nzuri. Mtoto aliyeshapenda vitu vitatu na anachukia vingine vyote, A level au Form Six itamtendea haki zaidi. Na mtoto mwenye uwezo asiye na fedha asikate tamaa: shule za United World Colleges, zilizoanza na Atlantic College kule Wales mwaka 1962, huchukua wanafunzi kupitia kamati za nchi, Tanzania ikiwemo, na kuna ufadhili unaotolewa kwa kuangalia uwezo wa familia. Baada ya hapo kuna mpango wa Davis, ulioanza 2000, unaowasaidia wahitimu wa UWC kusoma vyuo vikuu vya Marekani. Kaka yangu wa Kigoma, kabla ya kiwanja, jaribu mlango huo.

Sasa nifike pale nilipoahidi.

Mmeona kundi la kwanza ni lugha ya kwanza na fasihi yake. Watoto wetu wote hapa wanajazwa Kiingereza, na hakuna anayeuliza. Lakini Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za IB! Mtoto anaweza kusoma fasihi ya Kiswahili kama lugha yake ya kwanza, hata kama shule haina mwalimu wa Kiswahili. Kuna utaratibu wa kujisomea chini ya usimamizi wa shule, katika ngazi ya kawaida. Shule inamsajili, inampa msimamizi na muda, na mtoto anasoma vitabu vilivyochaguliwa kwa kanuni za IB, vingine vilivyoandikwa kwa Kiswahili, vingine vya tafsiri. Anafanya mtihani wa maandishi na wa mazungumzo kwa Kiswahili, na watahini wa Kiswahili wanamsahihisha.

Na si hayo tu. Mtoto akipata angalau 3 katika fasihi ya Kiswahili, na angalau 3 katika somo la sayansi au la jamii alilolisoma kwa Kiingereza, IB inampa diploma ya lugha mbili. Yaani cheti kinasema wazi kwamba huyu anafikiri na kuandika kwa lugha mbili. Watoto wa Kihispania, Kijerumani na Kijapani wanaichukua bila kusita. Wetu wanaiacha kwa sababu sisi wazazi tunaona Kiswahili ni cha jikoni.

Nilipouliza katika shule moja hapa, mama wa ofisi ya uandikishaji aliniambia kwa upole kwamba hajawahi kuombwa kitu hicho na mzazi yeyote kutoka Afrika Mashariki. Hajawahi! Sikukasirika naye. Nilijiuliza sisi tunaongea nini kwenye mikutano ya wazazi.

Najua pingamizi zake, nimezisikia. "Atapata alama ndogo, Kiswahili cha fasihi ni kigumu." Ni kweli ni kigumu, kama ilivyo fasihi ya Kiingereza. "Nani atamfundisha?" Walimu wazuri wa Kiswahili wamejaa nyumbani, na wako tayari kufundisha kwa video jioni mbili kwa wiki kwa fedha ambayo hapa haitoshi hata chakula cha jioni cha hoteli. "Vitabu?" Rafiki akirudi likizo anabeba vitenge na dagaa, atashindwa kubeba vitabu sita? Yupo Shafi Adam Shafi na Kuli, yupo Ebrahim Hussein na Kinjeketile, yupo Kezilahabi na Rosa Mistika. Kwenye tafsiri ipo Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, na tangu 2022 ipo Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Ulizeni tu vipi vinakubaliwa kabla ya kununua.

Tena kuna sababu ambayo haiko kwenye masharti ya chuo. Binti yangu akizungumza na bibi yake kwa simu, sentensi ya tatu tayari anatafuta neno. Bibi anasubiri. Kimya kile kinagharimu kuliko muda wa maongezi. Kazini nimewatafsiria wagonjwa Waswahili waliokuwa na watoto wao wakubwa pembeni ya kitanda, watoto wanaojua Kiingereza safi na Kiarabu cha kutosha, lakini hawawezi kumwuliza mama yao maumivu yalianzia wapi. Hilo ndilo linaloniogopesha, kuliko alama ya 4 au 5.

Kwa hiyo kwetu tumekubaliana hivi, baba yake na mimi. Kwanza tunaweka akiba ya mwaka mzima wa ada kabla ya kujaza fomu yoyote. Isipotimia, atarudi nyumbani kusoma Form Five na hatutaona haya. Ikitimia na yeye mwenyewe akiitaka IB, Kiswahili kitakuwa lugha yake ya kwanza. Tumeanza tayari, kurasa tano kila Ijumaa, kwa sauti. Analalamika, lakini juzi alicheka mwenyewe kwenye mzaha mmoja kabla sijaueleza.

Kwenu wenye watoto wanaoingia mwaka wa kwanza wa diploma, naomba mfanye jambo moja tu mwezi huu: mwandikieni mratibu wa diploma wa shule yenu, kwa maandishi, siyo kwa mdomo getini. Ulizeni kama shule itamsajili mtoto wenu fasihi ya Kiswahili kwa kujisomea. Ulizeni mapema, maana masomo yakishapangwa ni vigumu kuyapangua. Wakisema haiwezekani, ulizeni kwa nini. Wakisema mko peke yenu, niandikieni hapa chini, tuwe wawili, watatu, kumi. Matokeo ya Mei hutoka mwanzoni mwa Julai, na tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani kama UNESCO ilivyotangaza mwaka 2021. Ningependa mwaka fulani wiki ile tusherehekee vyote viwili kwa pamoja, kwa mtoto wa mtu anayesoma hapa.

Naenda kulala, kesho zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Wenye uzoefu wa IB Mombasa, Moshi, Muscat au popote mlipo, karibuni mnikosoe na mniongezee. Alamsiki.